Usipige Dawa Mpaka kwenye Ua

Ndugu mkulima, huenda sasa hivi bomba la dawa ya magugu liko mgongoni. Nataka tuongee kabla hujafika mpakani. Mimi ni karani tu katika afisi ya kilimo, kazi yangu ni risiti na barua, lakini nilisomea ualimu, na mwalimu hanyamazi kwa urahisi.

Nitaanza mbali kidogo, katika nchi ya Meksiko, kwa kuwa huko wako wakulima wanaofanana na sisi wa skimu. Baada ya katiba yao ya mwaka 1917, mashamba makubwa yaligawanywa, wanavijiji wakapewa ardhi ya kushirikiana iitwayo ejido. Katika jimbo la Michoacán baadhi yao walipata milima ya msitu, karibu mita 3,000 juu ya bahari. Kila mwaka mwanzoni mwa Novemba hufika huko vipepeo wa rangi ya chungwa, mamilioni kwa mamilioni, kutoka Kanada na Marekani, wengine safari ya zaidi ya kilomita 4,000. Hushikamana katika miti hata matawi yakainama. Wataalamu wa nje walipaona mahali hapo mwaka 1975. Wenyeji walikuwa wakipajua tangu zamani.

Mwaka 1986 Serikali yao ilikataza kukata miti sehemu hizo. Hebu fikiri: umepewa ardhi, kisha unaambiwa usiguse mti kwa ajili ya kipepeo! Watu walinung'unika, na wengine wakazidi kukata kwa siri. Shauri lilianza kugeuka walipoona faida. Mwaka 2000 uliwekwa mfuko wa kuwalipa wenye msitu wasioukata, na katika kijiji cha El Rosario wenyewe huongoza wageni, huwapikia, na hulinda msitu kwa zamu. Bwana Homero Gómez González, aliyekuwa mkata miti zamani, ndiye aliyekuwa msimamizi wa hapo na kupinga wizi wa miti. Januari 2020 alipotea, na baada ya majuma mawili akakutwa amekufa. Mtu asikuambie kwamba kulinda vipepeo ni mchezo wa watoto.

Hata hivyo vipepeo walipungua. Majira ya baridi ya 1996-97 walijaza hekta 18 za msitu. Ya 2013-14 hawakujaza hata hekta moja. Ya 2024-25 walikuwa katika hekta 1.79. Shoka peke yake halikufanya hayo. Kiwavi wa kipepeo huyu hali kitu ila magugu fulani yenye utomvu mweupe kama maziwa, nayo yalikuwa yakiota katikati ya mahindi na soya huko Marekani. Katika miaka ya 1990 ikaja mbegu isiyodhurika na dawa, wakulima wakapuliza shamba zima, magugu yale yakaisha. Wa Meksiko walilaumiwa kwa shoka, na huku bomba likifanya kazi yake kimya. Sasa Wamarekani wanayapanda tena kwa mkono, kando ya barabara na katika bustani za shule. Ni ajabu kununua mbegu ya gugu ulilotoa pesa kuliua.

Kipepeo yule hatunaye, ila jamaa yake tunaye: mabawa ya chungwa, ncha nyeusi zenye madoa meupe. Kiwavi wake hula magugu ya jamii ile ile. Utasema kiwavi ni adui. Kiwavijeshi ni adui kweli, mpige; huyu hagusi mahindi. Ni kweli pia kwamba magugu hayo ni sumu kwa ng'ombe, kwa hiyo yang'oe malishoni, wala usiyakate pamoja na majani ya mifugo. Lakini kwenye ua na kando ya mto, acha hatua mbili tatu bila dawa. Maua ya hapo hulisha na nyuki. Mwaka mmoja mimi mwenyewe nilipuliza mpaka ukingoni, shamba likapendeza kama uwanja wa shule, na maboga yakawa machache. Sisemi ni dawa tu, lakini tangu hapo ukingo nauacha.

Yafaa jambo hili lisemwe katika mkutano wa skimu, hasa kwa wanaopakana, maana ukiacha ukanda wako na jirani akapuliza wakati wa upepo, umeacha bure. Na wakubwa wetu wa afisini, mkitaka mkulima wa ekari chache aache sehemu isilimwe, ulizeni kwanza wa Michoacán walilipwa namna gani.