Shinikizo, Kanieneo au Presha?

Mkulima wa Ikonge anapoitia michai yake mbolea ya NPK 26:5:5, naitrojeni iliyomo imetokana na amonia, na amonia huundwa mtamboni kwa joto la nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi, chini ya shinikizo linaloweza kuzidi la hewa ya kawaida mara 150. Mtambo huo hauachwi ujiendee. Vipimo huusoma, kidhibiti hulinganisha kilichosomwa na kiwango kilichowekwa, kisha vali hufunguliwa au kufungwa. Boila ya kiwanda cha chai nayo hutaka uangalizi uo huo: maji yakipungua huku moto ukiwaka, yaweza kulipuka.

Je, mfanyakazi wa boila ataonywa kwa neno gani? Watanzania huandika kanieneo au mgandamizo; Wakenya tumezoea shinikizo; mitaani ni presha. TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, nayo Katiba ya Kenya ya 2010 ikakifanya Kiswahili lugha rasmi. Hata hivyo, mgongano wa istilahi ungalipo.

Wapo watakaodai kwamba wingi wa visawe ni utajiri. Katika ushairi, naam. Kwenye kibao cha tahadhari, la hasha. Hapo neno likikanganya, gharama yake ni uhai. Kwa maoni yangu, wanafunzi wa Kiswahili hatuna budi kwenda viwandani, tuwasikilize mafundi, kisha tuafikiane na wataalamu juu ya neno moja. Istilahi isiyomfikia fundi haijakamilika.