Mikono iliyokunjwa kifuani si ukaidi

Mwalimu wa zamu akitoa amri ya "mguu sawa", mstari mzima wa paredi hubana mikono mapajani. Mara nyingine yupo mmoja ambaye mikono yake haishuki. Viwiko vimebana mbavu, viganja vinaning'inia mbele ya kifua kama vya mtu aliyemaliza kunawa akakosa taulo. Akiambiwa ashushe, anashusha. Mwalimu akigeuka, imerudi juu. Fimbo ya kwanza huanzia hapo, na jioni nyumbani inafika habari kwamba mtoto ni mkaidi.

Nyumbani nako hasalimiki. Baba anamwambia asimame kiume. Shangazi anauliza mbele ya wageni kama mtoto ana kifafa. Mama, akienda naye harusini, anamshika viganja muda wote ili watu wasitazame.

Kwa mtoto mwenye usonji, mkao huo mara nyingi hauna ukaidi ndani yake. Usonji umezoeleka kuelezwa kama shida ya kuongea na kuchangamana na wenzake, na mwili ukasahauliwa, ingawa ulionekana tangu mwanzo. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore nchini Marekani, aliandika habari za watoto 11 aliowachunguza. Karibu mama zao wote walikumbuka jambo moja lililowashangaza: mtoto hakujiandaa kubebwa. Kwa kawaida mtoto wa miezi michache akimwona mama anainama kumchukua, hukaza mabega na kujiweka tayari. Hawa hawakufanya hivyo. Kanner aliandika pia kwamba baadhi yao walikuwa wazito katika kutembea, lakini wepesi wa kazi za vidole. Mama aliyewahi kumfunga mbelekoni mtoto asiyejishikiza mgongoni hahitaji kuelezwa sana.

Sababu moja inayotajwa na wataalamu ni hisia ambayo watu wengi hawajui kama wanayo. Mtu akifumba macho bado anaweza kugusa pua yake, kwa sababu misuli na viungo hupeleka taarifa kwenye ubongo kila wakati: mkono uko hapa, goti limekunjwa. Kwa watu wengi wenye usonji, taarifa hizo hufika hafifu au zimevurugika. Mkono unaoning'inia pembeni ni kama haupo. Ukikunjwa na kubanwa kifuani, unajisikia. Wapo watu wazima wenye usonji wanaoeleza kwamba mkao huo huwatuliza, hasa penye kelele na msongamano.

Kuna pia ulegevu. Baadhi ya watoto hawa wana misuli inayochoka upesi na viungo vinavyopinda kupita kiasi. Ndiyo maana mtoto anaegemea kila ukuta, analalia dawati kabla ya saa nne, au anakaa sakafuni magoti mbele na nyayo zimetokeza pande zote mbili. Anaitwa mvivu. Ukweli ni kwamba kukaa wima tu kwake ni kazi, na akiifanya kwa nguvu zote, haibaki nguvu ya kusikiliza hesabu.

Lakini mkao peke yake hautoshi kusema mtoto ana usonji. Kwenye simu zinazunguka video fupi zinazodai kwamba anayelala amekunja viganja, basi jibu limepatikana. Watu wengi wasio na usonji hulala hivyo. Usonji hutambuliwa kwa kuangalia mambo mengi kwa pamoja: mawasiliano, uhusiano na watu, tabia za kurudiarudia, na jinsi mtoto anavyopokea sauti, mwanga na mguso.

Hatari nyingine haizungumzwi sana, nayo ni kubwa zaidi: mtoto akishaitwa wa usonji, kila kitu cha mwilini mwake huwekwa humo. Mkono mmoja tu unaokunjika huku mwingine uko huru unahitaji daktari, maana unaweza kuwa dalili ya mtindio wa ubongo. Kutembea kwa ncha za vidole ni jambo la kawaida kwa anayejifunza kutembea, ila akipita miaka mitatu bado yuko hivyo, au kisigino hakifiki chini hata kikisukumwa taratibu, achunguzwe. Na mtoto wa kike aliyekuwa akishika kijiko vizuri, kisha akaacha kutumia mikono na kuanza kuisokota kama anayefua, asisubirishwe kwa kuambiwa ni usonji tu. Huenda ni ugonjwa wa Rett, unaotokana na hitilafu ya jeni.

Kwa yule ambaye daktari ameona hana tatizo jingine, kumnyoosha mikono kwa nguvu hakumsaidii. Anaweza kujifunza kuishusha mbele za watu, lakini anatumia nguvu kuificha, na mara nyingi anarudi nyumbani amechoka na kulipuka kwa kilio ambacho hakuna anayekielewa. Kinachofaa zaidi ni kuupa mwili kile unachotafuta. Wataalamu wa tiba kwa vitendo hupendekeza kazi zenye uzito kiasi: kubeba ndoo ndogo ya maji, kukanda unga wa chapati, kusukuma toroli. Si dawa ya usonji, na kuna mtoto ambaye hazitambadilisha chochote. Dawati nalo litazamwe. Kama miguu inaning'inia, kiboksi au tofali chini ya nyayo humpunguzia kazi ya kujizuia asiteleze.

Kilichobaki ni mazungumzo na mwalimu, na ni vizuri yafanyike kabla ya fimbo, shule zinapofunguliwa. Mzazi hana haja ya kwenda na hotuba. Anaweza kuomba jambo moja dogo: wakati wa paredi mtoto apewe kazi ya kushika daftari la mahudhurio. Lina uzito kidogo, na hushikwa kwa mikono miwili mbele ya kifua, palepale mikono ilipokuwa ikitaka kwenda.