Mwanafunzi wa Karakana ya Chuo Asimalize Fildi Bila Kufika Shambani

Leo tuache kidogo mbolea na viuatilifu, tuzungumzie wanafunzi wa fildi.

Siku hizi baadhi ya vyuo vikuu vina karakana za ubunifu. Humo kuna mashine za kuchomelea, drili, printa za 3D na mashine za kukata kwa leza. Mwanafunzi anachora kifaa, anakitengeneza kwa mkono wake, anakijaribu, kikikataa anaanza upya. Wapo wanaofanyia humo mafunzo yao kwa vitendo, ambayo kwa vyuo vingi hapa nchini huchukua wiki nane hivi wakati wa likizo ndefu.

Hilo ni jambo jema. Mhandisi aliyeshika grinda ni bora kuliko aliyeiona kitabuni tu. Lakini msimamo wangu ni huu: mwanafunzi anayetengeneza kifaa cha mkulima atumie angalau wiki mbili kati ya hizo nane kijijini, na kazi yake ipewe alama baada ya kifaa kufanya kazi huku.

Chukua mfano wa mashine ya kupukuchua mahindi. Chuoni itajaribiwa kwenye sakafu ya saruji, kwa mahindi makavu yaliyochaguliwa. Huku kwetu mkulima anapukuchua mapema kwa sababu ada ya shule inamsubiri. Mahindi bado yana unyevu, mengine yameoza ncha, na mashine imekaa juu ya udongo usio sawa. Mahindi mabichi yakipita kwenye mashine isiyorekebishwa, punje zinapasuka. Chenga zikiwa nyingi dalali anashusha bei, na punje iliyopasuka ni mlango wa fukusi na kuvu.

Kuvu si jambo dogo. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo anayebuni mashine ya kupukuchua au kaushio la nafaka anagusa afya ya familia, na anapaswa kuona mahindi yanavyokaa juani, yanavyonyeshewa na yanavyoingia ghalani kabla hayajashuka kufikia unyevu wa asilimia 13.5.

Kuna suala la spea pia. Karakana inaweza kuchapa gia ya plastiki kwa saa chache. Ikivunjika kijijini, tutaichapa wapi? Mwanafunzi aliyekaa na fundi wetu wa kuchomelea atajifunza kutumia vitu vinavyopatikana: bolti ya spana namba 13, mnyororo wa baiskeli, beringi inayouzwa duka la spea za pikipiki. Mashine isiyotengenezeka na fundi wa karibu ni chuma chakavu kinachosubiri siku yake.

Si ndoto. Karakana ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilipofanya kazi ya vifaa tiba vya akina mama na watoto wachanga, ilishirikiana na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, yaani watu wanaovitumia vifaa hivyo kila siku. Na Arusha, Bernard Kiwia alikuwa fundi baiskeli kabla ya kujulikana kwa chaja ya simu inayoendeshwa na baiskeli. Alianza na kitu ambacho kila kijiji kinacho.

Wapo watakaosema nauli na malazi ni gharama, na kwamba kijijini hakuna mashine za kujifunzia. Ni kweli mashine hazipo, ndiyo maana wiki sita zibaki karakanani. Kuhusu gharama, wiki mbili za chumba na ugali haziwezi kuzidi hasara ya kutengeneza mashine ambayo hakuna atakayeinunua.

Lakini tusiwalaumu vyuo peke yao. Na sisi tuna tabia ya kumpokea mwanafunzi kama mgeni: tunampa kiti, tunasaini daftari lake, tunamuaga. Tufanye hivi:

1. Tuombe mapema. Mwezi wa nne au wa tano, kikundi au AMCOS iandike barua kwa mratibu wa mafunzo kwa vitendo wa chuo, ikipitia kwa mtendaji wa kijiji na afisa ugani. Ikifika mwezi wa saba wanafunzi wameshapangiwa.

2. Tutaje tatizo moja kwa hesabu. Usiandike "tunahitaji teknolojia". Andika: watu wangapi wanapukuchua gunia ngapi kwa siku, mnalipa shilingi ngapi kwa gunia, chenga ni debe ngapi katika gunia kumi.

3. Tumkabidhi kwa fundi. Mwanafunzi ashinde kwa welda au kwenye mashine ya kusaga, si ofisini. Fundi naye atapata kitu: kusoma mchoro na kupima kwa milimita.

4. Tumwambie ukweli. Kifaa kikiwa kizito, kikila mafuta mengi, au mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kukizungusha, semeni hapo hapo. Ukimsifia kwa adabu tu, umemnyima somo na umejinyima mashine.

5. Tukubaliane kwa maandishi, kabla ya kazi, kifaa kitabaki kwa nani na nani atagharamia matengenezo.

Mfanyabiashara, na wewe unahusika. Wewe ndiye unayejua mzigo unakataliwa wapi na kwa sababu gani. Mpe mwanafunzi nafasi ya kusimama kwenye mizani yako siku moja ya soko, ataona kwa nini punje nzima ina bei yake.

Msimu huu kaeni kikundi kimoja kimoja, chagueni tatizo moja, andikeni barua. Kama hujui uanzie wapi, mfuate afisa ugani wa kata yako akusaidie kuipanga. Mavuno mema.