Baada ya Fusho na Kombe, Mgonjwa Aende Nyumbani na Nini?

Yapo maradhi ambayo wakazi wa visiwa vya Lamu hawayapeleki hospitalini kwanza. Kichwa kikiwanga wiki nzima, usingizi ukipaa, moyo ukidunda pasipo sababu na chakula kikakosa ladha, mwenye kupatwa na hayo aghalabu huanza kwa mkandaji, au kwa mwenye kuumika, au kwa maalim anayeandika kombe. Wako wanaolicheka jambo hili, hasa miongoni mwetu sisi tuliopitia vyuo vya ualimu. Mimi si mmoja wao. Ninalotaka kulisema ni jingine kabisa: tabibu wa asili hujua vyema kumtuliza mteja wake, lakini ni nadra kumfundisha mteja huyo namna ya kujituliza mwenyewe. Upungufu huo una gharama kubwa, na sehemu ya gharama hiyo wanailipa wanafunzi wetu.

Tumpe kwanza tabibu haki yake. Mtazame mama aliyeingia kwa mkandaji hali mabega yamekakamaa na shingo haigeuki. Amelazwa juu ya mkeka, amepakwa mafuta ya nazi yenye uvuguvugu, na chetezo kinafuka ubani pembeni. Anaulizwa habari za watoto, za mume aliye baharini, za mkwe asiyetosheka. Kwa muda wa saa nzima hakuna anayemdai kitu wala kumwita jikoni. Atainuka akiwa mwepesi, na wepesi huo si ndoto. Mtu aingiwapo na hofu, mwili humimina adrenalini na kotisoli katika damu; moyo huenda mbio, misuli hukaza, pumzi huwa fupi. Hali hiyo inamfaa mtu aliyemkanyaga nyoka. Haimfai mwenye deni la duka, kwani deni halikimbiwi kwa miguu, na mwili uliokaa katika hali ya kukimbia kwa miezi huchoka na kuugua. Joto, mguso wa mkono, utulivu na sikio linalosikiliza huurudisha mwili katika hali yake. Mkandaji analijua hilo kwa mikono yake, hata kama hajawahi kuyasikia majina ya homoni hizo.

Lakini mama huyo akishatoka mlangoni anarudi wapi? Anarudi katika nyumba ile ile, na katika kisiwa ambacho kwa miaka mingi sasa hakijapata nafasi ya kuvuta pumzi. Mwezi wa Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya jirani. Kafyu iliyofuata iliwazuia wavuvi kutoka usiku, na mvuvi wa usiku asiyetoka usiku hana kazi nyingine ya kukimbilia. Shule za wadi ya Basuba, upande wa msitu wa Boni, zilifungwa kwa muda mrefu kwa utovu wa usalama, watoto wakabaki nyumbani. Upande mwingine ikaja bandari. Ujenzi ulizinduliwa Machi 2012, na gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Kati ya tarehe hizo mbili bahari ilichimbwa, na maeneo waliyoyazoea wavuvi yakaharibika. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wafidiwe shilingi bilioni 1.76. Hukumu ilikuwa ya haki, ila kati ya karatasi ya mahakama na pesa mkononi ipo miaka ya kungoja, na kungoja nako kunakula watu. Baba mwenye nyavu chakavu na ahadi ya fidia halali vizuri. Asipolala yeye, mke halali. Na mtoto aliye darasani asubuhi huyaona hayo yote, ingawa mwalimu hayaoni.

Mtu wa namna hii hukandwa leo, akapata nafuu siku tatu, kisha akarudi. Hapo ndipo njia mbili hufarikiana. Tabibu mwenye busara atajiuliza kinachomrudisha mteja wake ni kitu gani. Tabibu asiye na busara, au mwenye tamaa, atamwambia kwamba amepigwa jicho, au ana jini aliyetumwa na mtu wa karibu. Siingii katika mjadala wa majini. Waliosoma zaidi yangu wamo humo. Ila nataka msomaji alipime jambo moja. Mtu aliyekuja na dhiki ya deni, akaondoka akiamini kwamba wifi yake amemroga, ameondoka na dhiki mbili. Deni liko pale pale, na sasa hana tena wa kumkopesha, maana wifi ndiye aliyekuwa akimkopesha. Nimeona jamaa zikikatika kwa maneno mepesi kama hayo, na sijaona bado kombe linaloziunga.

Je, tabibu afundishe nini? Sehemu kubwa ya somo tayari anayo, ila anaifanya bila kuitaja. Chukua pumzi. Mwaka 2001 wataalamu wa Italia walichapisha utafiti uliowapima watu waliokuwa wakisoma sala ya rozari kwa Kilatini, na wengine waliorudia maneno ya ibada ya yoga. Waligundua kwamba visomo vyote viwili viliishusha pumzi hadi kiasi cha mara sita kwa dakika, na mapigo ya moyo yakapata mwendo wa utulivu. Wasomaji wangu wa Lamu hawatastaajabu. Mtu aliyelelewa katika nyiradi na tajwidi amefunzwa tangu utotoni kuirefusha pumzi yake mpaka mwisho wa aya, na sioni kwa nini uradi wetu usimtulize vivyo hivyo, mradi asiukimbize. Pumzi inapotoka polepole, moyo nao hupunguza mwendo. Basi maalim anapomsomea mgonjwa, kinamzuia nini kumwambia, “Mwanangu, soma nami, toa pumzi taratibu kuliko ulivyoiingiza, na usiku moyo ukianza kwenda mbio, fanya hivi hivi kitandani kabla hujanitafuta”? Maneno hayo hayamgharimu lolote, na mgonjwa ataondoka na dawa isiyokwisha chupani.

Pumzi, hata hivyo, haitoshi. Humpa mtu dakika kumi za kichwa kilichotulia, na dakika hizo zina kazi yake. Kwa Waafrika wenzetu wa Zimbabwe lipo neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Nasi husema fulani “anawaza sana”, tukijua fika kwamba hatumsifu kwa ufalsafa. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili wa huko, Dixon Chibanda, alianza kuwafunza nyanya 14 wa mtaa wa Mbare mjini Harare kuketi na wagonjwa wa kufungisisa juu ya benchi nje ya zahanati. Nyanya hakutoa hotuba. Alimwacha mgeni amwage yote, kisha wakachagua pamoja tatizo moja, moja tu, wakatafuta hatua ndogo ya kulikabili kabla ya kuonana tena. Matokeo ya utafiti uliochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba waliopitia benchi hilo walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Nilipolisoma jambo hilo niliwaza juu ya baraza zetu. Ni mji gani wenye mabenchi ya mawe mengi mbele ya nyumba kuliko Lamu? Tumeyarithi mabenchi, tukayaachia siasa na habari za mpira. (Na tukubali kwamba ni ya wanaume. Mwanamke mwenye dhiki hana pa kuketi ila arusini au matangani, na huenda hiyo ndiyo sababu wengi wanaobisha kwa mkandaji wakawa ni wanawake.)

Wala asidhani mtu kwamba elimu hii ni ya kigeni kwa tiba tuliyoirithi kutoka kwa Waislamu wa kale. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya kuitunza miili na nafsi, akawalaumu matabibu wa zama zake kwa kuishughulikia miili na kuzisahau nafsi. Alishauri kwamba mtu aliye katika utulivu ajiwekee akiba ya fikra njema za kuikabili hofu, kama vile mwenye nyumba anavyoweka dawa kabatini kabla hajaugua. Zingatia kwamba anayeiweka akiba hiyo ni mgonjwa mwenyewe, akiwa bado mzima. Tabibu anaonyesha kabati lilipo.

Sasa tugeukie shule, kwa kuwa wengi wanaousoma ukurasa huu ni walimu na wanafunzi. Kila unapokaribia mtihani wa kidato cha nne, wako wazazi wanaowapeleka watahiniwa wakanyweshwe kombe na kusomewa. Mzazi anafanya hivyo kwa mapenzi, nami siwezi kumlaumu. Mtoto naye hurudi bwenini na moyo uliotulia, kwa kuwa ameona kwamba watu wazima wamemshughulikia. Lakini baada ya wiki mbili, saa nane ya usiku, anaamka jasho linamtoka, na kombe limebaki nyumbani. Hakuna aliyemwambia kwamba kudunda kwa moyo kabla ya mtihani ni mwili unaojiandaa, wala si ishara ya kufeli. Hakuna aliyemwambia kwamba akikesha usiku kucha akisoma, sehemu kubwa ya aliyoyasoma haitakaa, maana ubongo huyapanga ya mchana wakati wa usingizi. Hayo tungemwambia sisi walimu. Badala yake tunasimama mbele ya gwaride la asubuhi na kuwatisha watoto kwa siku zilizosalia.

Nimesikia pingamizi mbili. Ya kwanza husemwa kwa sauti ya chini: tabibu akimfundisha mteja kujitibu, atakula nini? Nadhani hofu hii haina msingi. Mkandaji aliyemfundisha mtu kuinyoosha shingo yake kila asubuhi ndiye atakayesifiwa sokoni, na mikono yake bado itahitajiwa, kwa sababu mtu hawezi kujikanda mgongo. Atakayepoteza riziki ni yule aliyekuwa akiuza hofu, nami sitamlilia. Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: kwamba nguvu ya tiba imo katika siri yake, na ikielezwa huvunjika. Huenda yapo mambo ya namna hiyo. Lakini mwenye habasoda humweleza mteja kipimo cha kijiko na wakati wa kunywa, na dawa haivunjiki kwa kuelezwa. Mbona pumzi ivunjike?

Iko mipaka, nayo isemwe waziwazi. Anayesikia sauti zisizosikiwa na wengine, aliyeacha kula na kuoga kwa majuma, mama aliyejifungua na hataki kumtazama mwanawe, na zaidi ya wote yule anayetamka kwamba afadhali afe, hao hawatoshelezwi na fusho wala na baraza. Vivyo hivyo mwenye kichwa kinachowanga kila siku apimwe shinikizo la damu kabla ya kuambiwa lolote juu ya jicho la mtu. Hospitali ya King Fahd iko pale pale mjini Lamu. Kwa anayetoka Faza au Kiwayu safari ya boti ni ndefu na ghali, nakiri, na ndiyo maana neno la tabibu aliye kijijini lina uzito: akisema “nenda”, jamaa watachanga nauli, akisema “ngoja”, watangoja. Huko Makueni wataalamu wakiongozwa na Profesa David Ndetei wameshirikiana na waganga wa jadi na viongozi wa dini, wakawafunza kuzitambua dalili za maradhi ya akili na kuwaelekeza wagonjwa kwenye vituo vya afya. Waganga hawakuacha uganga wao. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo inazungumzia mfumo wa kuwapeleka wagonjwa kutoka kwa matabibu wa asili hadi hospitalini. Kaunti yetu ina matabibu, ina wauguzi, na ina wahudumu wa afya ya jamii wanaoijua kila nyumba. Kuwaketisha pamoja siku mbili ukumbini hakuhitaji mfadhili kutoka ng'ambo.

Nami ningependa mwalimu wa ushauri nasaha kutoka kila shule ya upili awepo katika kikao hicho, aketi karibu na maalim, wakubaliane swali moja la kumwuliza kila mtahiniwa anayeletwa kusomewa: nini hasa kinachokunyima usingizi? Mtoto akijibu kwamba ni Hisabati, atafutiwe wa kumwelekeza. Akijibu kwamba ni karo aliyorudishiwa nyumbani mara tatu muhula huu, basi anayepaswa kuitwa ni mzazi, na mwalimu mkuu, na kamati ya basari ya wadi, na jini aachwe apumzike.