Uta, Upepo na Nyayo: Shule ya Porini Huko Arua na Koboko

Uwindaji wa West Nile ukitajwa, wengi hukumbuka bunduki. Jina lenyewe la Rhino Camp, kando ya mto Naili, linatokana na kambi ya Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani. Alifika huko Januari 1910, wakati nchi ile ikiitwa Lado na ikiwa bado mikononi mwa Wabelgiji wa Kongo. Yeye na mwanawe Kermit waliua vifaru weupe tisa, ngozi na mifupa ikapelekwa katika jumba la makumbusho. Baadaye wakaja wengine wenye risasi na wasio na haja ya makumbusho, na ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980 kifaru mweupe alikuwa ametoweka Uganda nzima.

Kabla ya hayo, na hata wakati wa hayo, palikuwapo silaha nyingine katika nchi hiyo. Mwanamume wa Kilugbara au wa Kikakwa alikuwa na uta wake na podo la mishale, na mtoto wake wa kiume alianza kuvuta upote kabla hajaweza kushika jembe sawasawa. Sifa za uta kama silaha si kubwa. Lililo kubwa zaidi ni yale ambayo mtu alilazimika kuyajua ndipo uta umfae, na hilo linawahusu wazazi wa leo, hata wale ambao hawatamruhusu mtoto wao kuua kanga mmoja.

Uta huanzia mtini, na kuujua mti ni somo la kwanza. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki miti ya jamii ya mkole hupendwa kwa kazi hii, maana hupindika bila kuvunjika na hurudi ilivyokuwa. Fimbo huchaguliwa iliyonyooka, isiyo na vifundo, kisha hukaushwa polepole kivulini au juu ya moshi wa jikoni. Mama wa nyumba hukuta silaha ya mwanawe imelala darini juu ya mafiga yake kwa majuma kadhaa, na asipoiondoa kwa hasira ya kugongwa kichwa, amekwisha kusaidia nusu ya kazi. Upote husokotwa kwa kano za mnyama au kwa ngozi. Mshale wa mtoto mdogo hauna chuma; ncha yake ni kijiti kilichochongwa, au kitu butu cha kumwangusha ndege. Chembe za chuma zilifuliwa na wahunzi, na katika nchi ya Waluri na Walugbara wahunzi waliosifika ni wale waitwao Okebu. Mvulana hakupewa chembe kabla ya kuaminiwa.

Kuaminiwa huko kulikuwa na sababu. Mshale ukitoka haurudi. Anayefundisha vizuri humkataza mtoto kuvuta upote kuelekea kichaka asichoona nyuma yake, na humkataza kutembea na mshale mkononi anaporuka kijito. Mambo haya mawili peke yake yameokoa macho na matumbo ya watoto wengi.

Ndipo linapokuja somo la upepo. Mwenye bunduki humpiga mnyama aliye mbali hata kabla hajashtuka. Mwenye uta wa kienyeji hana budi kufika karibu, hatua ishirini au thelathini, na huko karibu ndiko kwenye kazi yote. Nsya na tohe huamini pua zao kuliko macho. Basi mwindaji huchota vumbi au majivu, huyaachia yaanguke, na kutazama yanakoelekea. Yakimwendea mnyama, safari imekwisha hata kama mnyama yuko wazi kama kuku uani. Atazunguka mbali, pengine kwa saa nzima, ili upepo umpige usoni. Atakanyaga kwa ukingo wa mguu kwanza, ajue kama chini kuna kijiti kikavu, ndipo auweke mzigo wa mwili. Mnyama akiinua kichwa, yeye ni kisiki. Mtoto asiyeweza kukaa kisiki huku siafu wakimpanda mguuni hajawa mwindaji. Wahenga walisema msasi haogopi mwiba. Wangeweza kuongeza na siafu.

Nyayo nazo ni maandishi. Asubuhi, unyayo wenye umande ndani yake ni wa usiku. Uliovunja umande ni wa sasa hivi. Kwato zilizochimba mbele na kutawanyika ni za mnyama aliyekimbia. Kinyesi kikiwa kimekauka juu na laini ndani hueleza saa, na majani yaliyokatwa hueleza nani amekula: ndezi hukata shina la nyasi kwa mshazari, kama kwa kisu. Ndege pia huhesabiwa. Kwale wakinyamaza ghafula kuna kitu. Mlembe akilia na kurukaruka mbele ya mtu, anamwita kwenye asali, na ni desturi ya wengi kumwachia kipande cha sega.

Somo gumu kupita yote huja baada ya mshale kupata. Kijana hutaka kukimbilia. Mzee humshika mkono, na wote wawili huketi. Mnyama aliyejeruhiwa akifukuzwa papo hapo hukimbia mbali na kufia asikoonekana. Akiachwa atulie, hulala karibu. Damu hueleza ni muda gani wa kungoja. Ikiwa nyekundu ya kung'aa yenye mapovu, mshale umepita mapafuni, na mnyama hayuko mbali. Ikiwa nzito na nyeusi, pengine ni ini, na hapo subira yahitajika. Ikiwa imechanganyika na majani na harufu ya tumbo, itangojwa kwa saa nyingi, kisha itafuatwa tone kwa tone mpaka mwisho, hata jua likichwa na kazi ikaendelea kesho yake. Kumwacha mnyama ateseke porini kwa sababu ya uvivu ni aibu, na aibu hiyo mtoto huifahamu siku ile ile bila kuhubiriwa.

Kuhusu njia ya kurudi, nchi yenyewe huwasaidia watu wake. Mlima Liru huko Koboko na mlima Wati upande wa Terego huonekana kutoka mbali. Ndiyo milima ambayo masimulizi huwataja Jaki na Dribidu, wazee wa asili, kuwa walifia huko. Vijito vingi, pamoja na Enyau unaopita Arua na Kochi wa Koboko, hatimaye huelekea Naili. Mvulana aliyefundishwa hayo akipotea hatatangatanga. Atatafuta mlima, na asipouona atafuata maji.

Mnyororo huu wa mafundisho umekatika mara nyingi. Baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, watu wengi sana wa West Nile walikimbilia Sudani na Zaire, na walikaa huko miaka mingi. Mtoto aliyekulia kambini alijifunza foleni ya mahindi, hakujifunza upepo. Waliporudi, pori halikuwa lile. Mashamba yamejaa hasa katika nyanda za Arua, miti imeliwa na mkaa, na tangu mwaka 2016 mamia ya maelfu ya ndugu kutoka Sudani Kusini wamepokewa Bidi Bidi, Rhino Camp na kwingineko, nao pia wanahitaji kuni.

Sheria nayo haichezewi. Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda iliundwa mwaka 1996, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inakataza kuwinda bila kibali, iwe kwa bunduki, kwa mkuki au kwa uta. Kwa wanyama walio hatarini kutoweka, adhabu yaweza kufika kifungo cha maisha. Mzazi anayemwona mwanawe akiondoka na wenzake kuelekea hifadhi ya Ajai au msitu wa mlima Kei amwulize anakwenda kufanya nini, na asiridhike na jibu la kwanza.

Hata hivyo, ni kosa kuutia uta katika fungu moja na mtego wa waya. Waya hauoni. Humnasa jike mwenye mimba, mtoto wake, hata simba. Na aliyeutega huenda yuko sokoni akinywa chai wakati mnyama anakatika mguu. Mwenye uta alipaswa kuwapo, kuchagua, kungoja na kufuata. Kijana anayetega waya hajarithi chochote kutoka kwa babu yake, ijapokuwa hupenda kulitumia jina la babu anapokamatwa.

Nyumbani yapo mengi yanayoweza kufanyika bila kuvunja sheria. Babu anaweza kumchongea mjukuu uta na mishale butu, wakapiga shina la mgomba uliokwisha kuzaa, au pete ya majani inayoviringishwa mtelemkoni, ambayo kuipata ni kazi hasa. Wanaweza kwenda kijitoni alfajiri bila silaha, wakasoma nyayo za ndezi na nguchiro, na mtoto akaambiwa amkaribie kwale mpaka ahesabu hatua alizofikia kabla ndege hajaruka. Wasichana wasiachwe nje: wao ndio wanaotumwa kuni na maji, na kujua njia, nyoka na mawingu kunawafaa zaidi kuliko anayekaa barazani. Jioni, enyasa ikiwa mezani, babu aulize: "Leo njiani mmeona nini?" Anayejibu kuwa hakuona kitu apelekwe tena kesho.

Wazee wanaoyajua haya kwa miguu yao, si kwa kusikia, wamebaki wachache katika vijiji vya Arua na Koboko. Kiangazi cha Desemba, nyasi zikiwa zimekauka na nyayo zikionekana vizuri kwenye vumbi, ndio wakati mzuri wa kuwafuata.