Istilahi za Topolojia: Tutafsiri Neno au Dhana?

Makala hii inadai kwamba istilahi ya hisabati haina budi kuundwa kutokana na dhana, si kutokana na umbo la neno la kigeni. Mfano wetu ni wa topolojia. Mwaka 1959 A. V. Arhangel'skii aliasisi dhana ambayo jina lake la kigeni humvuta mfasiri kwenye neno "mtandao". Hata hivyo, dhana yenyewe haihusu nyuzi wala mafundo. Ni mkusanyo wa seti wenye sharti moja: kwa kila nukta, na kila seti wazi yenye nukta hiyo, pawepo seti ya mkusanyo iliyo na nukta hiyo na iliyomo yote katika seti wazi husika. Huu ni msingi wa topolojia uliolegezwa, kwani seti zake si lazima ziwe wazi.

Tuchukue anga yenye mkusanyo wa namna hiyo unaohesabika, pamoja na funiko lolote la seti wazi. Kila seti ya mkusanyo iliyomo katika seti fulani ya funiko, tuiteulie seti moja kama hiyo. Seti zilizoteuliwa zinahesabika, nazo zinafunika anga nzima: ndiyo sifa ya Lindelöf. Uwazi wa seti za mkusanyo haukuhitajika popote.

Kwa hiyo tunapendekeza "msingi mlegevu". "Wavu" libakie kwa dhana iliyoasisiwa na Moore na Smith mwaka 1922. Mwanafunzi akipewa "mtandao", atatafuta nyuzi zisizokuwepo, na hoja itampita.