AFYA YA NYUMBANI: Ngozi ya Siri Haiponi kwa Siri

Sajini mmoja katika kambi ya jeshi nchini Uganda alikuwa akioga jioni alipoona doa jekundu kwenye kichwa cha uume wake, likiwasha na kuchoma. Kufikia asubuhi doa limekuwa lengelenge, kisha kidonda. Hakwenda zahanati. Alinyamaza siku tatu, na siku ya nne akamgeukia mkewe.

"Mama watoto, mimi nimetoka safari ya mwezi mzima. Umeniletea nini nyumbani humu?"

"Baba, sina neno la kukuficha," mkewe alijibu. "Twende sote kwa mganga, atupime sote wawili."

Mganga wa zahanati aliuliza maswali mengi, na mojawapo lilihusu dawa. Ikabainika kwamba mchana wa siku ile ile sajini alikuwa amemeza vidonge vya Septrin kwa ajili ya kikohozi. Na kwamba mwaka uliotangulia, alipomeza vidonge hivyo hivyo, doa lilitokea mahali pale pale likaacha weusi. Damu za wote wawili zilipimwa, zikaonekana safi. Haukuwa ugonjwa wa zinaa. Wapo watu ambao miili yao huikataa dawa fulani, na kila waimezapo ngozi huungua mahali pamoja, mara nyingi kwenye uume au midomo. Sajini aliambiwa asiitumie tena dawa hiyo maishani, na jina lake likaandikwa katika kitabu chake cha matibabu. Nyumba iliyokuwa karibu kuvunjika ilisalimika.

KIDONDA KISICHOUMA

Wapo pia wanaokosea kwa upande wa pili. Askari huona kidonda kimoja kigumu kisichouma, yapata majuma matatu baada ya kukutana na mwanamke mwenye ugonjwa. Kwa kuwa hakiumi, hakijali. Baada ya majuma machache kidonda hufunga chenyewe, naye hushukuru kwamba amepona. Hasha! Hiyo ndiyo desturi ya kaswende: mlango hufungwa, mwizi angali ndani. Baadaye huja vipele mwilini, hata viganjani na nyayoni, navyo hutoweka. Na baada ya miaka mingi moyo na ubongo huweza kuharibika. Mke mjamzito akiambukizwa, huenda mtoto akazaliwa mfu.

Ugonjwa huu si mgeni. Hospitali ya Mulago, Kampala, ilianza mwaka 1913 kama kituo cha kutibu magonjwa ya zinaa. Siku hizi kaswende changa hutibiwa kwa sindano ya penisilini ya benzathini, yuniti milioni 2.4, mara moja tu. Asiyepatana na penisilini amweleze mganga mapema. Mke naye hana budi kutibiwa, na wote wawili wajizuie mpaka mganga awaruhusu. Kipimo cha virusi vya UKIMWI kifanywe pamoja, kwa maana kila kidonda ni njia ya virusi hivyo.

Malengelenge madogo yenye kuuma, yajayo na kuondoka mara kwa mara, ni ya virusi vingine. Hayo hayang'olewi kabisa, lakini vidonge vya asikilovia hupunguza makali yake. Vinyama vya zinaa huondolewa kwa dawa ya kupaka au kwa kugandishwa, na kazi hiyo ni ya mganga.

YASIYO NA MADHARA

Vijana wengi huhangaishwa na vipele vidogo laini, vilivyopangwa safu safu kuzunguka ukingo wa kichwa cha uume. Hivyo ni maumbile, haviambukizi, wala havitaki dawa. Ndivyo vilivyo pia vidoa vyeupe vya manjano chini ya ngozi, ambavyo ni tezi za mafuta. Kuvikwaruza au kuvichoma huleta jeraha pasipokuwa na ugonjwa.

YANAYOIHUSU FAMILIA NZIMA

Upele huwasha zaidi usiku, nao hutokea kwenye uume, korodani, kiunoni na katikati ya vidole. Akitibiwa baba peke yake, ataupata tena kwa watoto. Wote wa nyumba moja wapake dawa siku moja, na nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto.

Fangasi ya kinena hupenda sare mbichi kwa jasho. Tiba yake ni kukauka vizuri, kubadili nguo ya ndani, na kupaka klotrimazoli hadi majuma mawili au zaidi kama mganga atakavyoagiza. Wekundu na utando mweupe chini ya govi, ukirudi mara kwa mara, hutaka damu ipimwe sukari. Govi lisafishwe kwa maji safi. Sabuni kali na dawa za kuulia vijidudu huunguza.

Ipo hatari nyingine dukani, nayo ni ile mirhamu iliyochanganywa na steroidi. Hutuliza mwasho kwa siku mbili tatu, huku ikikuza fangasi, ikikondesha ngozi na kumficha mganga dalili.

YA KUHARAKISHA

Uvimbe, kidonda kisichofunga, au govi linalokazana na kugeuka jeupe havingojwi. Mwaka 1966 Sebastian Kyalwazi, daktari mpasuaji wa Mulago, alichapisha habari za wagonjwa 153 wa saratani ya uume waliolazwa katika hospitali hiyo. Saratani hii ikigunduliwa mapema, yawezekana kuondoa sehemu ndogo tu. Ikifichwa, kiungo chote huweza kupotea, na pengine uhai.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Askari hukagua bunduki yake kila siku bila haya. Na aukague mwili wake vivyo hivyo. Akiona jambo geni, asimhukumu mkewe wala asijihukumu mwenyewe: zahanati haiko mbali, na mganga ameona mengi kuliko hayo.